Kitovu cha Venusi

Jumatatu, 4 Novemba

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo, saa nne na dakika ishirini asubuhi, pipa la zeituni za mwaka jana nyumbani kwetu limekwisha. Zeituni ya mwisho nimeila mimi, nikiwa nimesimama, kama inavyostahili. Hakuna aliyegonga kengele ya kanisa. Mama amesema tu nisiteme kokwa sakafuni.

Naiandika habari hii kwa sababu ya jiwe. Juu ya kifuniko cha pipa hukaa jiwe la kugandamizia zeituni zisielee kwenye maji ya chumvi na viungo, kilo kumi na nne, na lilikuwapo kabla sijazaliwa. Mimi nina miaka hamsini na saba. Siku zote limekuwa jeusi, lenye utelezi, jiwe tu. Leo mama amelisugua kwa brashi na majivu, akalianika juani kando ya mlango. Nimepita. Nimerudi nyuma hatua mbili.

Marumaru. Nyeupe, yenye chembe zinazometameta. Upande mmoja bapa. Upande wa pili umevimba taratibu, na katikati ya uvimbe kuna kishimo cha duara, laini kama ndani ya sikio la mtoto mchanga.

Nimekaa chini hapo hapo, kwenye ndoo. Kumbe marehemu baba alisema kweli.

Baba yangu, Evaristo Fabrizi, alifariki Januari. Aliacha mizeituni mia na arobaini juu ya mji wetu wa Roccasala na imani moja: kwamba Warumi wa kale waliishi shambani kwake. Alilisema hilo baani kwa miaka arobaini bila kipande cha ushahidi. Walimwita Kaisari. Kila akiingia, Otello Santarelli, mfamasia mstaafu, mwenye mizabibu ng'ambo ya ukuta wetu, alisimama na kusema, "Inukeni jamani, Kaisari kaja kunywa kahawa." Baba alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka.

Nimemuuliza mama jiwe hili lilitoka wapi. Amesema baba yako alilileta. Alilitoa wapi? Amesema anachemsha maharage.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya utambuzi. Nimeomba ruhusa kazini. (Mimi ni karani wa masijala ya halmashauri. Hakuna aliyegundua nimeondoka hadi nilipoomba.) Nimeazima maktaba kitabu kinene cha sanamu za kale, nikajifungia chumbani na jiwe.

Nimefanya kazi kwa utaratibu. Kwanza nimefumba macho nikalipapasa, kama wafanyavyo wataalamu, au kama ninavyodhani wanafanya. Kisha nimevua shati nikasimama mbele ya kioo, jiwe nimelikumbatia tumboni, nikalinganisha. Tumbo langu si la kale lakini lina kila kitu kinachohitajika. Uvimbe, ndiyo. Kishimo, ndiyo, mahali pake hasa.

Ni kitovu. Na kwa ulaini ule, kitovu cha mwanamke. Na mwanamke wa kuchongwa bila nguo, kwa mujibu wa ukurasa wa mia mbili na kumi na tatu, ni Venusi, mungu wa mapenzi.

Mama ameingia bila kubisha. Ametazama tumbo langu, akatazama jiwe, akasema nikimaliza nilirudishe, Jumatatu anaanza kuponda zeituni mpya. Kisha ameuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, 7 Novemba

Mkutano wa Marafiki wa Mambo ya Kale, chumba cha nyuma cha baa. Mwenyekiti: Otello Santarelli. Makamu: hakuna, kwa sababu Otello hamwamini mtu. Mimi ni mjumbe wa kawaida na mtu wa kupanga viti.

Otello ametangaza kwamba Jumanne ijayo anakuja mkaguzi wa mambo ya kale wa serikali, Daktari Piersanti, kuchagua vitu vya chumba kipya cha makumbusho ya mji. Kila kitu kitakuwa na kadi yake. Kwenye kadi itaandikwa ni kitu gani, cha karne gani, na kimetoka shamba la nani. Akarudia: la nani. Shamba la mizabibu la Santarelli, alisema, lina vigae sita na shingo ya mtungi. Akanigeukia.

"Na kwa Kaisari, Mungu amrehemu? Tuandike nini, Settimio? Kokoto?"

Watu wamecheka kidogo, kwa adabu, maana Otello mwenyewe alibeba jeneza la baba. Nami nimecheka. Kisha nimeona nacheka kicheko kilekile cha baba, nikanyamaza.

Nimeuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja na jibu, itakuwaje kama mtu ana kitu cha kale nyumbani. Otello amesoma sheria: anayekuta kitu cha kale huripoti ndani ya saa ishirini na nne. Asiyeripoti ana kesi.

Sisi tumechelewa kwa miaka hamsini na minane hivi.

Lakini nataka ile kadi. Sitaki kingine. Kadi ndogo nyeupe, nyuma ya kioo, yenye maneno "Shamba la Fabrizi," na Otello apite mbele yake kila Jumapili akienda kuangalia vigae vyake.

Njia nimeiona nikiwa bado nakunja viti. Kisichoripotiwa kwa wakati kinaweza kuokotwa upya kwa wakati.

Ijumaa, 8 Novemba

Mama amekwenda kwa msusi saa tatu. Saa tatu na dakika tano jiwe liko kwenye toroli, limefunikwa gunia. Mahali pake kwenye pipa nimeweka kile chuma cha mazoezi nilichonunua nilipofikisha miaka hamsini, nikiwa na matumaini. Kilo kumi na tano. Nimekifunika kitambaa.

Kupanda hadi shambani kumenichukua dakika hamsini. Njiani nimekutana na watu wanne. Wote wameuliza nimebeba nini. Nimejibu mbolea, mbolea, mbolea, na wa nne, padri, nimemwambia ni jiwe, kwa kuwa sipendi kumdanganya padri. Yeye ndiye pekee ambaye hakuniamini.

Nimechimba chini ya mzeituni mkubwa wa baba. Nusu mita. Nimemlaza Venusi chali, kitovu juu, nikamfukia, nikakanyaga, nikatawanya majani, nikachomeka kijiti cha alama. Mgongo umekataa kunyooka. Nimeteremka nimeinama kama ninayetafuta funguo.

Mpango: Jumapili namwalika Otello aje kuona mzeituni mgonjwa. Mbele yake nachimba. Nashtuka. Yeye ndiye shahidi.

Jumapili, 10 Novemba

Imenyesha siku mbili. Kijiti kimekwenda na maji. Majani yamehama. Mizeituni mikubwa ya baba, nimegundua leo, ni minne, na yote inafanana.

Nimefika saa moja kabla ya Otello ili nipate uhakika. Nimechimba shimo la kwanza. Hakuna. La pili. Hakuna. Nilipokuwa ndani ya shimo la tano nikasikia sauti ya Otello juu ya ukuta.

"Settimio bwana, hiyo dawa ya mti au unamtafuta wa kumzika?"

Nimesema natafuta bomba la maji. Amesema shamba hili halijawahi kuwa na bomba. Nimesema ndiyo maana halionekani. Ametafakari jibu hilo kwa muda, akavuka ukuta na sepetu yake. Ana miaka sabini na minane. Akasema, sogea, wewe unachimba kama karani.

Pigo la tatu, sepetu ikalia.

Amepiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kanisani. Ametoa udongo kwa vidole, polepole, na kishimo kikatokea, na uvimbe, na ule weupe. Nilikuwa nimejiandaa kushtuka. Nilifanya mazoezi bafuni. Sikuhitaji, kwa sababu Otello alivua kofia, na sikutegemea Otello avue kofia.

Kisha akasema, si kwa kunitazama mimi bali mti:

"Evaristo. Nisamehe, ndugu yangu. Miaka arobaini."

Amempigia simu mkaguzi papo hapo, magoti yangali kwenye tope, maana sheria ni saa ishirini na nne. Alisema "shamba la Fabrizi" mara tatu, herufi kwa herufi.

Nimepata kila nilichokitaka. Jioni sikula.

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya Mtakatifu Martino. Mapipa ya divai mpya yanafunguliwa. Saa tano Otello amegonga mlangoni na chupa mbili za divai yake, amevaa tai.

Amemwambia mama kwamba anatoka makaburini. Ameweka maua. Amekuja kumwomba radhi mjane wa Evaristo kwa kila kikombe cha kahawa alichomharibia. Ameeleza habari ya jiwe: jinsi lilivyotokea udongoni, jeupe, mwanamke wa kale, huenda Venusi, asema Settimio. Kitovu kabisa, bi Ersilia. Kinameremeta.

Mama alikuwa amejifunga aproni, na mbele yake beseni la zeituni mbichi zinazongoja kupondwa. Ametazama pipa. Ameinua kitambaa. Amekitazama chuma cha mazoezi kwa kituo, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Akarudisha kitambaa.

"Karibu biskuti, Otello," amesema.

Baada ya mgeni kuondoka nimengoja kelele. Hazikuja. Mama ameponda zeituni zake kwa kitako cha chupa, moja moja. Ameuliza mkaguzi anafika saa ngapi. Nimesema saa nne. Amesema basi nitie mafuta kwenye gari, hawezi kupanda kile kilima kwa miguu.

Nimemwambia si lazima aje, kuna tope. Amesema amelijua tope la shamba lile kabla yangu.

Jumanne, 12 Novemba

Daktari Piersanti ni mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye mabuti makubwa na sauti ndogo. Amesalimia mashimo yangu matano moja baada ya jingine. Ameuliza yamechimbwa na nani. Otello amesema, kwa fahari, sisi.

Jiwe lilikuwa juu ya turubai. Amelipiga mswaki laini. Amelimwagia maji. Kisha ameinama akalinusa. Akanusa tena. Akamwita Otello anuse.

"Daktari, mimi mafua," amesema Otello.

"Kitunguu saumu," amesema mkaguzi. "Na shamari. Na ganda la chungwa, kama sikosei."

Nimesema udongo wa kwetu una rutuba.

Amepitisha kidole kwenye kitovu, polepole, akizungusha. Amesema hakuna patasi iliyofanya hili. Hapa kuna kitu kimepondwa, kidogo kidogo, mahali pamoja, kwa miaka na miaka. Kitu chenye kokwa.

"Zeituni," amesema mama.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni tulichompakilia garini. Hakupaza sauti. "Unaipiga mara moja tu, daktari, ipasuke bila kuvunjika kokwa. Naliweka hilo jiwe kwenye mapaja. Miaka hamsini na minane."

Otello amenigeukia. Sitaandika uso wake. Ungekuwa uso wa hasira, ningejua la kufanya.

Mkaguzi hakusema neno kuhusu sheria. Ameligeuza jiwe, lile tumbo la Venusi likasimama wima, akaniambia nitazame sasa. Sikuona kitu. Amechukua mkono wangu wa kulia, akaupeleka juu ya uvimbe, vidole vyangu vikaingia kwenye mifereji ambayo nilidhani ni mikunjo ya mafuta ya Venusi. Vinne upande huu. Vinne upande ule.

Si tumbo. Ni mikono miwili ya kulia, imeshikana. Kaburi la mke na mume, amesema. Mgongo bapa kwa sababu kilikuwa kibao cha mbele ya kaburi, wao wawili wamesimama wanashikana mikono hivyo. Watu wa kawaida, pengine watumwa walioachiwa huru wakapata haki ya kuoana kisheria, wakataka kila apitaye njiani aione. Miaka elfu mbili, au karibu. Kitovu chako, bwana Fabrizi, ndipo mahali gumba lilipokuwa. Mama yako amelipondaponda likaisha.

Mama ameomba alisogelee. Ameweka kiganja chake juu ya ile mikono. Kimekaa sawasawa.

Kisha amesema mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Kwamba baba hakulichimba jiwe hili popote. Wiki waliyooana, mama alikuja na pipa katika vyombo vyake, na Evaristo hakuwa na kitu cha kumpa, hata pete iliazimwa. Akaenda kwenye ukuta wa mpaka, akachomoa jiwe lililompendeza, akaziba pengo kwa nusu ya tofali jekundu, akaliteremsha begani. Akamwambia, tazama Ersilia, lina mikono. Wakati ule ilionekana vizuri, vidole vyote. Baba aliyajua ya Warumi kutokana na jiwe hilo hilo. Na hakuweza kulionyesha baani, kwa kuwa angeulizwa kalitoa wapi, na kwa sababu zeituni zilihitaji uzito.

"Alijua," amesema mama. "Akawaacha wacheke. Nikamwambia lipeleke, Evaristo, wakuone. Akasema lako hilo."

Mkaguzi amefunika kalamu yake, akaifunua tena. Amesema ataandika kwamba familia imelikabidhi kwa hiari, na kwamba mimi niandike maelezo yangu, yawe mafupi na yawe ya kweli. Kuhusu kadi, jiwe la ukuta halina shamba mpaka ijulikane lilikaa wapi kwenye ukuta. Tumpelekee hilo kabla ya wiki kwisha.

Otello amevaa kofia yake, akavuka ukuta, akaenda zake. Sepetu ameiacha.

Alhamisi, 14 Novemba

Maelezo niliyoipelekea ofisi leo yana mistari sita na ni ya kweli. Yanasema jiwe lilichomolewa kwenye ukuta wa mpaka, likatumika jikoni, likafukiwa na mimi kwa upumbavu, na tumeafikiana na jirani kuhusu mahali lilipotoka. Mafupi, alisema. Kwa hiyo hayasemi namna tulivyoafikiana. Nayaandika hapa.

Nilikwenda ukutani saa moja asubuhi na tepu ya kupimia. Nilitaka kufika kabla ya Otello. Nia yangu ilikuwa hii: kama tofali jekundu litakuwa upande wake, nilitoe, nilihamishie upande wetu. Nilikuwa na nyundo ndogo mfukoni. Sijivunii, lakini ilikuwa nyundo nzuri.

Otello alikuwa ameshafika. Amekaa juu ya jiwe, upande wake, na nyuma ya mabega yake, safu ya tatu kutoka chini, nusu tofali jekundu. Halikuhitaji tepu. Limekaa miaka hamsini na minane likitazama mizabibu ya Santarelli. Baba alivuka ukuta kabisa. Aliiba, kwa neno lake halisi, zawadi ya harusi kutoka kwa jirani.

Nilisema pole. Nilisema yote: pipa, toroli, mbolea, kijiti, na mazoezi ya kushtuka bafuni. Yeye aliuliza tu kama nilicheka alipovua kofia. Nikasema hapana. Akasema anaamini, maana aliniona, nilikuwa na sura ya mtu aliyemeza kokwa.

Alikuwa na kadi tayari mfukoni, ameiandika kwa mkono wake wa mfamasia, nikahitaji msaada kuisoma. Ilisema: mikono ya mume na mke, kutoka ukuta kati ya mashamba ya Santarelli na Fabrizi.

Nikamwambia tofali liko upande wako, Otello. Mwenyewe unaliona.

"Naliona," akasema. "Nimemwekea Kaisari maua. Sasa niende kuyachukua?"

Tulikaa kidogo, kila mtu upande wake. Aliuliza mama anagandamizia nini zeituni siku hizi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka, na mara hii hakikuwa kile kicheko cha baba cha baani.

Basi huo ndio ukweli. Jina la baba litakaa nyuma ya kioo, na aliyeliweka pale ni Otello Santarelli, kwa ridhaa yake, akiwa na haki zote za kukataa. Mtu mwingine angemshika mkono, akashukuru, akarudi nyumbani.

Nilimshika mkono. Nilishukuru. Kisha nikamuuliza kama haingependeza zaidi jina la Fabrizi litangulie kwenye kadi.

Otello akatikisa kichwa, akasema wewe ni mtoto wa Evaristo kabisa, akachukua sepetu yake.

Nimelichukua hilo kuwa ndiyo.